Mathenge Katika Shamba la Ayeyo Weris

Kila alfajiri, kabla mwadhini hajamaliza adhana, Kinsi alikuwa amekwisha kujaza birika la bibi yake. Bibi huyo, ambaye kila mtu kando ya mto Tana alimwita Ayeyo Weris, yaani Bibi Weris, aliketi juu ya jiwe lake bapa, akanawa mikono, uso na miguu kwa ajili ya swala. Maji yale hayakupotea. Yaliteremka kwenye mfereji mwembamba uliotandazwa kokoto, yakaenda moja kwa moja hadi kwenye mashina ya mipapai mitatu. Kisha Kinsi akatawadha, na maji yake yakafuata njia ileile.

Mara tano kwa siku mipapai ile ilinyweshwa maji ya udhu. Ndiyo maana ilibaki kijani hata katika jilaal, ule ukame wa mwanzo wa mwaka ambao huigeuza Garissa nzima kuwa rangi ya vumbi.

Kinsi alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu. Zamani familia yao ilikuwa na mifugo, lakini ukame uliimaliza akiwa bado mdogo. Baba akaenda Dadaab kuendesha lori la maji, mama akamfuata, naye Ayeyo Weris, aliyezaliwa mfugaji na kuzeeka mfugaji, akashika jembe. Alilima kwa namna yake. Baada ya kuvuna hakuchoma mabua kama majirani. Aliyalaza juu ya udongo kama mtu anayemfunika mtoto. Alichimba makinga ya maji yenye umbo la mwezi mchanga, ili mvua ikija isikimbilie mtoni bila kusalimia mimea. Watu walipomcheka, aliwajibu, "Udongo usiachwe uchi. Hata wewe nikikuanika juani mchana kutwa, utakufa."

Mipapai mitatu ilikuwa ya Kinsi. Aliipanda mwenyewe kutoka kwa mbegu. Ilikuwa ya aina fupi, ile inayozaa ingali chini, na mwaka huo ilikuwa imebeba matunda kwa mara ya kwanza. Ayeyo Weris, ambaye meno yake yalikuwa yamebaki ya kuhesabika, aliyapapasa matunda yale kila alipomaliza kutawadha.

"Ayeyo," alimwambia Kinsi, kwa maana bibi wa Kisomali humwita mjukuu kwa jina lilelile analoitwa yeye, "Ramadhani hii nitafuturu kwa papai lako. Tende zinanipiga ufizi."

Ilikuwa imebaki wiki moja kufika Ramadhani, Kinsi aliporudi kutoka shule akakuta tawi la miiba linalofunga mlango wa ua limevutwa kando. Ndani hakukuwa na mpapai hata mmoja uliosimama. Majani yalikuwa yameliwa, mashina yamevunjwa na kutafunwa, na matunda mabichi yalikuwa chini, yana alama za meno. Kinyesi cha mbuzi kilikuwa kimetapakaa hadi kwenye jiwe la kutawadhia.

Kinsi hakulia. Alijua ni mbuzi wa nani. Mzee Ugas, jirani yao, alikuwa na kundi kubwa, na mwanawe Mustaf, aliyesoma darasa moja na Kinsi, ndiye aliyelichunga baada ya shule. Mustaf alipenda kukatiza ndani ya shamba lao akienda mtoni, ili kupunguza safari.

Kesho yake alimkabili uwanjani mbele ya wenzao.

"Umeacha ua wazi," Kinsi alisema.

"Mimi? Mbuzi hawana funguo, Kinsi. Mliacha wazi wenyewe."

"Wamekula mipapai ya ayeyo."

"Si ile mliyokuwa mnaimwagia maji ya udhu?" Mustaf aliwageukia wenzake. "Basi msimlaumu mbuzi. Sasa mbuzi wetu wana udhu. Ijumaa tutawaweka safu ya mbele."

Uwanja mzima ulicheka. Kinsi alihisi kicheko kile kikimwingia masikioni na kukaa humo kama mchanga wa dhoruba. Aliapa moyoni kwamba Mustaf atalipa.

Alikwenda kwanza kwa bibi. "Ayeyo, waombee dua mbaya. Wewe ukinyanyua mikono, Mwenyezi Mungu atasikia. Omba kundi lao lote life."

Ayeyo Weris alimnyoshea viganja vyake. Watu wa huko huogopa laana ya mzee kuliko wanavyomwogopa simba. "Mikono hii nainyanyua kuomba mvua," alisema. "Siwezi kuinyanyua kwa ajili ya mipapai."

Jioni hiyo Mzee Ugas alikuja kuomba radhi. Aliketi kwenye mkeka, akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akatazama vidole vya miguu yake. "Ayeyo Weris, siwezi kusimamisha mti uliolala. Lakini jilaal inakwisha, na shamba lako linahitaji mbolea kabla ya gu, mvua za masika. Nitaleta mbuzi wangu walale hapa. Tutawazungushia ua wa miiba, na kila baada ya siku chache tutauhamisha, mpaka shamba lote liwe limepata samadi."

"Hayo ni maneno ya mtu mzima," alisema bibi. "Nimekubali na nimesamehe."

Kinsi, aliyekuwa akiosha vikombe, aliviacha, akatoka nje. Amesamehe? Kwa kinyesi cha mbuzi walewale? Mimi sijasamehe, alijiambia, na hakuna aliyeniuliza. Kama angekaa kidogo, angesikia sharti alilotoa bibi yake: mbuzi watakaolala kwake wasichungwe penye mathenge hata siku moja. Mzee Ugas alikubali sharti hilo bila kuuliza sababu, maana aliijua.

Mathenge ni ule mti wa miiba uliojazana kando ya barabara na mtoni. Maganda yake ya manjano ni matamu, na mbuzi huyapenda mno. Lakini Kinsi aliwahi kumwona mbuzi mmoja mzee aliyekula maganda hayo miaka na miaka. Meno yake yalikuwa yameoza, taya limepinda, naye alikufa kwa njaa huku majani yako mbele yake. Picha hiyo ilimrudia usiku ule alipojilaza, ikampa usingizi mzuri.

Ramadhani ilipoandama, mbuzi wa Mzee Ugas walianza kulala shambani. Kila siku Kinsi, akitoka shule, alipita kwenye vichaka vya mathenge na kujaza mkoba wake maganda yaliyodondoka. Mustaf alileta mbuzi kabla ya jua kuzama, akafunga ua, akakimbia nyumbani kufuturu. Mara tu kisogo chake kilipopotea, Kinsi aliwamwagia maganda ndani, kupitia juu ya ua wa miiba. Mbuzi walisukumana wakiyagombania. Walitafuna kwa sauti kavu, macho nusu wameyafumba kwa utamu.

"Kuleni," aliwanong'oneza. "Meno ya ayeyo yamekosa papai. Na ninyi mtakosa meno."

Alifunga saumu yake yote bila kukosa. Alifunga kinywa, lakini moyo aliuacha wazi, na kisasi kiliingia na kutoka kama mwenye nyumba. Hata kwenye swala ya tarawehe, bibi alipokuwa akiomba rehema, Kinsi aliyekuwa bega kwa bega naye aliomba, "Ya Rabbi, yaozeshe. Usiache hata moja." Mwenyezi Mungu atuepushe na dua kama hizo.

Mbuzi walianza kumfuata kila walipomwona. Mustaf alishangaa.

"Hawa mbuzi wanakupenda kuliko mimi ninayewachunga," alisema. "Umewaloga?"

"Labda wamenusa udhu," Kinsi alijibu, akapita zake.

Baada ya Idi kundi likarudi kwao. Siku ya mwisho Kinsi alimshika mbuzi mmoja, akampanua midomo. Meno yalikuwa meupe, imara, yamepangika kama punje za mahindi. Alimwachia kwa hasira. Kazi yote ile, na Mustaf hakupoteza kitu.

Kisha gu ikaja. Mvua ya kwanza ilinyesha kutwa nzima, makinga ya mwezi mchanga yakajaa, na udongo uliofunikwa ukanywa taratibu bila kumwaga tone. Ayeyo Weris alipanda mtama na kunde katikati ya mabua. Kinsi alimsaidia, na kwa siku kadhaa alisahau chuki, kwa sababu harufu ya udongo uliolowa inasahaulisha mengi.

Miche ilipotokeza, bibi alikwenda kuitazama, akachelewa kurudi. Kinsi alimkuta amepiga magoti katikati ya shamba. Kati ya kila mstari wa mtama palikuwa na miche mingine, midogo, yenye vijani vyembamba kama vichana. Ilikuwa imesongamana. Ilifuata hasa pale ua wa mbuzi uliposimama, kiraka baada ya kiraka, mpaka mwisho wa shamba.

Ayeyo Weris aling'oa mmoja, akautazama mzizi. "Mathenge," alisema. Hakupaza sauti. "Wametupandia mathenge."

"Nani?" Kinsi aliuliza.

"Mbuzi wamekula maganda. Nyama tamu ya ganda inabaki tumboni, lakini mbegu haifi humo. Inalainika tu, inatoka na samadi yake, tayari kuota. Ndiyo maana nilimwekea Ugas sharti." Bibi alijaribu kusimama, akashindwa, akaketi. "Mzizi wake utakwenda chini kuliko kisima. Utakunywa maji yote. Misimu miwili tu, ayeyo, na hapa hapatakuwa shamba. Patakuwa kichaka kama kule chini ya mto, kwa wale waliohama miti hii ilipomeza mashamba yao."

Kinsi alitazama mikono yake. Ilikuwa ile ile iliyobeba mkoba. Alifungua kinywa aseme, lakini kabla hajasema, wazo jingine lilimjia, jeusi, lakini tamu kama ganda lenyewe: lawama itamwangukia Mustaf. Akafunga kinywa.

Lawama ilimwangukia kweli. Mzee Ugas aliitwa, akatazama shamba, uso ukamshuka. Alimvuta mwanawe mbele.

"Uliwapeleka mathenge?"

"Wallahi sikuwapeleka, aabe. Niliwachunga upande wa juu kila siku."

"Basi miti hii imeteremka na mvua?" aliuliza Ayeyo Weris.

Mustaf aliapa tena. Baba yake aliamua kwamba hatakwenda shule mpaka ang'oe mche wa mwisho. Kuanzia hapo alionekana kutwa nzima ameinama kwenye matope, akifukua mizizi kwa kijiti, kwa maana mche wa mathenge ukikatika juu huchipuka tena. Miche mingi ilishakuwa na miiba. Viganja vyake vilivimba. Kila alipomaliza kiraka kimoja, mvua ya usiku iliotesha miche mingine nyuma yake.

Kinsi alipita karibu naye akiwa na sare yake safi. Alisimama. Maneno alikuwa ameyaweka akiba tangu siku ile ya uwanjani.

"Vipi, Mustaf? Na hii miche ina udhu?"

Mustaf aliendelea kufukua. Kinsi alisubiri ile raha aliyoitazamia. Ilikuja, lakini ilipita haraka, kama maji juu ya mwamba. Akaenda shuleni akijiambia kwamba itarudi.

Wiki ile haikuisha vizuri. Mzee Ugas alirudi na kusema mwanawe bado anakana, na kwamba kijana yuko tayari kuapa msikitini. Ayeyo Weris, ambaye alikuwa akiuona mtama wake ukinyongwa siku baada ya siku, alimjibu kwamba kiapo cha uongo haking'oi mathenge. Waliachana bila kuagana. Majirani waliokuwa wakinywa chai pamoja sasa walipishana njiani kama wageni.

Alasiri moja, baada ya swala, Ayeyo Weris hakuinuka kwenye mkeka wake. Aligeukia upande wa shamba. Kinsi alikuwa nyuma yake. Kisha mikono miwili mikavu ikapanda, viganja juu, mpaka usawa wa uso.

"Ewe Mola wangu," bibi alisema, "Wewe unamjua aliyetia miiba kwenye riziki ya mjane. Sikunyanyua mikono yangu kwa ajili ya mipapai. Leo nainyanyua kwa ajili ya ardhi. Yeye aliyefanya hivi, mkubwa au mdogo, nakuomba umfanye..."

Kinsi aliruka. Aliishika ile mikono kwa mikono yake na kuivuta chini, akaikandamiza mapajani mwa bibi kwa nguvu zote.

"Usimalize," alisema. "Ayeyo, usimalize. Ni mimi."

Bibi hakuelewa. Kinsi akamwambia. Alimwambia habari za mkoba, za maganda, za Ramadhani nzima, na za dua alizoomba ubavuni mwake kwenye tarawehe. "Nilitaka meno yao tu," alisema mwisho. "Sikujua habari za mbegu. Lakini miche ilipoota nilijua, na nikanyamaza, kwa sababu nilitaka Mustaf ang'oe."

Kinsi alitamani apigwe. Bibi alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyokuwa karibu kumlaani mjukuu wake bila kujua.

"Astaghfirullah," alisema. "Astaghfirullah. Neno moja lilikuwa limebaki kinywani." Akavuta shali yake kichwani. "Inuka. Twende kwa Ugas."

"Utanisemea?"

"Uliyafanya kwa mkono wako. Yaseme kwa ulimi wako."

Mzee Ugas alikuwa zizini. Mustaf aliketi kando, viganja vyake vimepakwa samli. Kinsi alisimama mbele yao, akasema yote tena, na mara hii ilikuwa vigumu zaidi, maana Mustaf alikuwa akimtazama machoni.

Alipomaliza, Mzee Ugas alimgeukia mwanawe. "Nimekuita mwongo wiki nzima," alisema. Akamshika bega. "Nilikuita mwongo mbele ya watu."

"Adeer, ami yangu, unisamehe," Kinsi alimwambia Mzee Ugas. "Mustaf, nisamehe."

"Mimi sisamehe leo," Mustaf alijibu.

"Ana haki," alisema Ayeyo Weris. "Mwacheni."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Kinsi aliingia shambani kabla jua halijachomoza, akiwa na kijiti na ndoo. Udongo ulikuwa bado umelowa, na huo ndio wakati pekee ambapo mzizi hutoka mzima. Alianza na kiraka kibaya kuliko vyote. Mwiba wa kwanza ulimwingia chini ya kucha. Baadaye kidogo alisikia mtu akifukua upande wa pili. Alikuwa Mustaf. Walifanya kazi wakiwa wamepeana migongo mpaka jua likawa kali.

"Vuta kutoka chini," Mustaf alisema hatimaye, bila kugeuka. "Unakata juu. Utarudi hapahapa mwezi ujao."

Kinsi akavuta kutoka chini.

"Lile tawi la ua," Mustaf aliendelea baada ya muda mrefu. "Siku ile ya mipapai. Nililiacha mimi. Nilikuwa nawahi mpira."

"Nilijua."

"Nimekwambia tu."

Walifanya hivyo kila jioni na kila mwisho wa wiki. Mzee Ugas alikuja na ndugu zake. Ayeyo Weris alipitisha mkono chini ya kila bua ili usiachwe hata mche mmoja. Kunde nyingi zilipotea, na mavuno ya mtama yalikuwa nusu ya mwaka uliotangulia. Lakini shamba lilibaki shamba.

Jilaal nyingine ilipofika, Mzee Ugas alikosa malisho. Ayeyo Weris alimtuma Kinsi kwenye vichaka vya mathenge akiwa na mkoba uleule. Kinsi alisita.

"Yaokote," bibi alisema. "Hayana kosa. Ni namna yalivyotumiwa."

Maganda yalianikwa juani mpaka yakawa makavu kabisa. Kisha bibi akaweka kinu mbele ya Kinsi na Mustaf, kando ya lile jiwe la kutawadhia, ambapo mipapai mitatu mipya ilikuwa imefika magotini. Walitwanga kwa zamu unga wa kuwalisha mbuzi. Maganda yalivunjika upesi, lakini mbegu zilikuwa ngumu kama kokoto. Bibi aliuchota unga, akaupitisha kati ya vidole.

"Nisikilizeni, wanangu," alisema. "Mbegu hii ikimezwa nzima haifi tumboni. Inakaa, inalainika, inatoka siku ambayo hukuitarajia, na inaota kwenye shamba lako mwenyewe. Hasira ni hivyohivyo. Kinsi aliimeza nzima. Na mimi, pamoja na uzee wangu na swala zangu, niliimeza nzima, nikakaribia kuitapika juu ya kichwa cha mtoto wangu. Mtu akikukosea, useme siku hiyohiyo, mbele yake na mbele ya wakubwa, mpaka lile jambo livunjike. Likishavunjika linaliwa, wala halidhuru mtu."

Aliinamia kiganja chake, akaokota kitu kidogo cha kahawia kutoka kwenye unga, akakirudisha ndani ya kinu.

"Hii bado nzima," alisema. "Twanga tena."

Mustaf alimpa Kinsi mchi.